Neno Chini ya Mchoro wa Plamedi

Wiki iliyopita nilikuwa napanda ngazi za kutokea kwenye treni ya chini ya ardhi pale Sanyuanli, hapa Guangzhou, nimebeba mfuko wa sampuli za nguo, mama yangu mbele yangu na mfuko wake, ndipo harufu ikanikuta. Mtu fulani alikuwa ameunguza mkate. Si yale maandazi ya mvuke ya Wachina, ambayo hayana harufu ya kukushtua, bali mkate wa ngano ulioshikwa na moto upande wa chini. Mama aliendelea kutembea. Mimi nilisimama katikati ya ngazi, watu wakinipita huku na huku na kunung'unika, na kilichonipanda hakikuwa huzuni. Kilikuwa hasira. Hasira ya zamani, ambayo nilipokuwa mtoto niliambiwa niiweke chini kwa sababu mambo yamekwisha.

Hayajaisha, na nitayasema. Ninyi mliokulia ugenini kama mimi, mliowatafsiria wazazi wenu dukani, hospitalini na kwa mwenye nyumba kabla hamjajua hata kuzidisha, mtanielewa upesi.

Nilikuwa na miaka minane. Mimi na mama tuliishi ghorofa ya tano ya jengo kuukuu nyuma ya maghala ya jumla, hapo hapo Sanyuanli. Baba alibaki Dar es Salaam akiuza dukani Kariakoo, na mama ndiye aliyekuwa huku akinunua. Asubuhi alikwenda Kangle, kwenye vile vichochoro vya mafundi cherehani, kusimamia magauni yake yanavyoshonwa. Jioni alirudi na mabegi tukafunga maboksi pamoja. Sauti ya selotepu ikivutwa ndiyo iliyokuwa muziki wa nyumba yetu. Majira ya kuchipua kuta zilitoa jasho kama mtu mwenye homa, na daftari zangu zikajikunja pembeni.

Mlango wa pili aliishi Mama Plamedi, Mkongo wa Lubumbashi, na binti yake Plamedi, aliyekuwa rika langu. Mama Plamedi alikuja China kutafuta vipuri vya magari, kama wengine. Mzigo wake wa kwanza ulipotea njiani, akabaki na mtoto na oveni ya gesi aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga mgahawa. Akaanza kuoka. Kulipokucha alikuwa ameshakanda, na mapema asubuhi alikuwa njiani kwenda Tianxiu, lile ghorofa la Xiaobei lenye ofisi za wafanyabiashara wetu, amebeba mikate mirefu kama mkono wa mtu mzima, imefungwa kwenye shuka jeupe. Wakongo, Wamali na Wasenegali walimsubiri pale kwenye lifti kama watoto wanaomsubiri mama yao.

Ukuta wetu na wao ulikuwa mwembamba. Kila alfajiri nilisikia: pu, pu, pu. Siku ya kwanza nilimwuliza mama, "Wanapigana?" Akacheka na kujifunika shuka. "Anaupiga unga huyo, ule mkate hauji wenyewe. Lala."

Kwa hiyo nilijua. Hilo nataka lieleweke tangu mwanzo. Nilijua sauti ile ni ya nini.

Mchana, baada ya shule, nilishinda kwao hadi mama arudi, na Plamedi alinipa kipande cha mwisho cha mkate, kile chenye ganda pande zote, akisema, "Shika peng', Saumu." Peng'. Mimi nilidhani ni Kikongo. Nilikuwa na elimu yangu ya dunia, nayo ilikuwa fupi: kuna Kiswahili, kuna Kichina, kuna Kikongo, na kuna Kizungu. Kizungu kwangu kilikuwa kimoja, kama vile jua lilivyo moja. Wazungu wote walikizungumza, vitabu vyote viliandikwa kwacho, na aliyekijua alikuwa na akili. Sikuwahi kufikiri kwamba Wazungu wenyewe wanaweza wakakaa meza moja wakaandika neno lile lile, herufi kwa herufi, na kila mmoja akawa anasema jambo lake.

Na nilipewa nafasi ya kulijua hilo. Jumamosi moja mama alitupeleka sote wawili Kangle. Kwenye duka moja la vitambaa wameandika mlangoni kwa herufi nyekundu kubwa: SALE. Plamedi alisimama, akaziba mdomo, akacheka hadi akachuchumaa.

"Nini?" nikamwuliza.

"Angalia, Saumu! Bameandika duka yabo iko buchafu!"

Nilimtazama kwa huruma. Mimi nilishajua SALE ni pale bei zinaposhushwa, mama alinifundisha. Nikamwambia kwa sauti ya mwalimu, "Wewe hujui Kizungu." Akaacha kucheka. Alikuwa amesoma Kifaransa tangu chekechea, mtoto yule, na kwa Kifaransa neno lile maana yake ni chafu kweli. Lakini mimi nilimwambia hajui, naye aliniamini.

Shule yetu ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la maofisi, vyumba vinne vya kupanga, watoto wa wafanyabiashara kutoka kila pembe ya Afrika. Kila kitu kilifundishwa kwa Kiingereza. Mkuu wa shule, tuliyemwita Mista Raymond, alikuwa mwenzetu Mwafrika, mtu wa suti na manukato. Mwalimu wa darasa letu alikuwa Miss Holly, binti wa Kiingereza mwenye sauti ya upole, ambaye alipiga magoti kila alipoongea na mtoto ili macho yawe sawa. Tulimpenda. Nasema ili msidhani namzungumzia mtu katili. Angekuwa katili, nisingekuwa na hasira hii mpaka leo, ningekuwa nimeshamsahau.

Plamedi alikuwa na miezi mitatu tu pale shuleni. Kiingereza chake kilikuwa "yes," "no," "toilet" na majina ya rangi.

Alhamisi moja Miss Holly alituambia tuchore nyumbani kwetu asubuhi, na chini tuandike neno moja. Mimi nilichora maboksi, nikaandika BOX. Plamedi alichora kwa bidii, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Alimchora mama yake mrefu, mkono umeinuliwa juu, na mkononi ameshika kitu kirefu cha kahawia. Mbele yake akamchora mtoto mdogo amenyoosha mikono. Pembeni moto mwekundu. Chini, kwa herufi kubwa zilizonyooka vizuri, akaandika: PAIN.

Miss Holly alipita, akasimama, akapiga magoti. Nilikuwa kiti cha pili, nilisikia kila neno.

"Huyu ni mama yako?" aliuliza kwa Kiingereza, polepole.

"Yes."

Akakigusa kwa kidole kile kitu cha kahawia. "Mama anafanya hiki?"

"Yes!" Plamedi akatabasamu.

"Kila siku?"

"Yes, yes."

Miss Holly akaishika mikono ya Plamedi, akaigeuza, na kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja, akaona alama ya kuungua, nyekundu, ndefu kama kidole. Plamedi alikuwa amegusa mlango wa oveni wiki iliyotangulia akimsaidia mama yake kutoa mikate. "Na hii? Ni mama?"

Plamedi aliifikiria ile lugha, akatafuta neno ndani ya maneno yake machache, hakulipata. Akasema, "Yes. Mama."

Sasa nataka mfikirie jambo moja. Katika jengo lile kulikuwa na Wakongo, Wakameruni, Wamali. Nusu ya wazazi waliokuja kuchukua watoto saa tisa walijua Kifaransa. Mpishi wa uji alikuwa ametoka Abidjan! Ilikuwa ni kutoka tu darasani, kupiga hatua sita, na kumwonyesha karatasi. Yeyote kati yao angesoma neno lile akasema, mkate. Lakini hakuulizwa hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyeona kuna la kuuliza. Mama Mwafrika ameinua mkono, mtoto yuko mbele yake, chini pameandikwa maumivu. Picha ile walikuwa nayo tayari vichwani mwao kabla Plamedi hajashika penseli.

Waliyemwuliza ni mimi.

Ijumaa asubuhi niliitwa ofisini. Mista Raymond alikuwa nyuma ya meza, Miss Holly kwenye kiti karibu yangu. Plamedi walimweka chumba kingine na vitabu vya kupaka rangi. Mchoro ulikuwa juu ya meza.

"Saumu," alisema Miss Holly, "wewe ni msichana mwerevu. Unajua neno hili?"

Nilijua. Nilijivuna kwamba najua. "Ni pein. Kwa Kiswahili ni maumivu."

Wakatazamana.

"Wewe ni jirani yake," akasema Mista Raymond. "Asubuhi unasikia nini kutoka kwao? Sema kweli. Hutaadhibiwa."

Hapa ndipo ninaporudi kila mara. Nilijua ni unga. Lakini neno lilikuwa pale mezani, limeandikwa, na kilichoandikwa kwa Kizungu kwangu kilikuwa na nguvu kuliko masikio yangu mwenyewe. Nilianza kuisikia upya ile pu, pu, pu. Nikajiuliza, na kama mama alinidanganya ili nilale? Watu wazima hudanganya. Nikakitazama mchoroni kile kitu cha kahawia, nikaona kweli ni fimbo.

"Nasikia anapiga," nikasema. "Kila siku."

Sikusema anapiga nini. Hawakuniuliza.

Jina langu ni Saumu kwa sababu nilizaliwa Ramadhani. Baba alikuwa akinitania kwa kuniita Kitunguu, maana kitunguu saumu nacho ni saumu. Maneno mawili yaliyotoka Kiarabu kila moja kwa mlango wake, moja la kufunga na jingine la kiungo cha mchuzi, yakafika kwenye ulimi wetu yakafanana kama mapacha wasio na undugu. Nilitembea na jambo hilo kila siku ya maisha yangu, nikiitwa kwa jina hilo, na bado siku ile ofisini sikuweza kuwaza kwamba neno la Kizungu nalo linaweza kuwa na mwenzake.

Mista Raymond alimpigia simu mwenye nyumba wetu mchana ule ule, kumwuliza kama amewahi kupata malalamiko juu ya yule mwanamke wa ghorofa ya tano. Walifahamiana, mzee yule wa Kichina ndiye aliyekuwa na jengo la shule pia. Hakuwa na malalamiko yoyote. Lakini sasa alikuwa na shaka, akaja Jumamosi kuangalia, akakuta mitungi miwili ya gesi, oveni, na magunia ya unga yamepangwa hadi dirishani. Alipiga kelele korido nzima. Alimpa Mama Plamedi siku saba awe ametoka.

Jumatatu, kwenye mstari wa asubuhi, waliniita mbele. Miss Holly alinibandika kifuani nyota ya dhahabu, zile za karatasi ya gundi. Mista Raymond akatangaza kwamba ni nyota ya ujasiri, kwa mtoto aliyesema kweli ili kumlinda rafiki yake. Watoto wakapiga makofi. Nilimtafuta Plamedi kwenye mstari. Naye alikuwa anapiga makofi. Hakuelewa ni ya nini, alinifurahia tu.

Mama Plamedi alifika saa nne, kama alivyoitwa. Alikuja moja kwa moja kutoka Tianxiu, unga bado kwenye nywele za mikono, shuka la mikate limebaki begani na mkate mmoja ndani. Waliniita nitafsiri. Mtoto wa miaka minane, aliyekuwa shahidi Ijumaa, Jumatatu akawa mkalimani. Hakuna aliyeona kasoro.

Mista Raymond aliongea kwa muda mrefu. Nilitafsiri nilivyoweza: kwamba wanajua anampiga Plamedi, kwamba mtoto mwenyewe ameandika.

"Anasema nini huyu?" Mama Plamedi aliniuliza mimi, si wao. "Nani ameandika? Mi nimupige mwana yangu? Mi njo mama yake!"

Miss Holly akausukuma mchoro mbele yake, akaweka kidole chini ya neno.

Mama Plamedi aliinama, akasoma. Niliona uso wake ukikosa kuelewa, kisha ukaelewa, kisha ukawa kitu ambacho sijaona tena kwa mtu. Akasema, "Peng'." Akawatazama mmoja mmoja. "Peng'! Ni peng', batu ba Mungu!" Akalivuta shuka begani, akautoa ule mkate, akauweka juu ya mchoro, sambamba na ile fimbo ya kahawia. Urefu mmoja, rangi moja. "Saumu, baambie. Ni mukate. Kifaransa. Mutoto ameandika mukate."

Nilisema, "She says it is bread. In French."

Feni ya darini ilikuwa ikipeperusha kona ya karatasi, na mkate ukiizuia.

Mngetegemea nini hapo? Mimi, hata kwa akili yangu ile, nilitegemea mtu aseme samahani. Kiti kilikuwepo, nilitegemea mtu amwambie yule mama akae. Badala yake Miss Holly akafunika uso kwa viganja akaanza kulia. Alilia sana, mabega yakitikisika. Mista Raymond akatoka mbio kuleta maji. Katibu akaja na karatasi laini za kufutia machozi, akamshika mgongo, akamwambia, "Ulikuwa na nia njema, usijilaumu." Watu watatu wamemzunguka Miss Holly, na Mama Plamedi amesimama peke yake katikati ya ofisi, aliyeitwa mpiga watoto, aliyepewa siku saba, na hakuna aliyempa hata kiti. Alingoja. Alipoona hakuna kitu cha kungojea, akauchukua mkate wake.

"Na ile alama ya moto?" Mista Raymond akamwuliza Mama Plamedi aliyekuwa ameshafika mlangoni, maana hakutaka kumaliza akiwa ameshindwa. "Mtoto wa miaka minane hakai karibu na oveni, mama. Tulikuwa na haki ya kuuliza."

Nilitafsiri. Mama Plamedi hakugeuka. "Mwambie hakuuliza," akasema.

Hilo sikulitafsiri. Niliogopa. Nimekuwa nikilitafsiri kichwani tangu siku ile.

Nyumbani nilimweleza mama yote, huku nimeivua ile nyota nikaikunja ndani ya ngumi. Mama alikaa juu ya boksi akanisikiliza hadi mwisho. Nikamwambia, "Twende kwa Mama Plamedi. Twende kwa mwenye nyumba, wewe Kichina unakijua, ukamwambie shule imekosea."

"Mwenye nyumba hatoi watu kwa sababu ya shule sasa. Ni gesi."

"Lakini asingejua gesi kama—"

"Saumu." Alisema jina langu tu, kisha akashusha sauti kana kwamba ukuta una masikio, na kweli ulikuwa nayo. "Na sisi tuna maboksi mpaka mlangoni. Nikienda kumtetea, kesho atauliza na yetu. Sisi hapa ni wageni. Mambo yamekwisha, usijitie."

"Basi twende tukawape pole tu."

"Nitakwenda," alisema.

Siku saba ni nyingi kwa watu wanaotenganishwa na hatua kumi. Kila jioni nilimwuliza, kila jioni alikuwa amechoka, au laoban, bosi wa mafundi wa Kangle, amekosea saizi, au simu ya baba inaingia. Nilimwona akisikiliza mlangoni ili ajue kama korido ni tupu kabla ya kutoka. Mama yangu, ambaye sokoni alimkoromea mwanamume yeyote kwa Kichina hadi bei ikashuka, alikuwa anamkwepa jirani aliyemlea mwanawe mchana bila kuombwa.

Plamedi hakurudi shuleni. Nilimwona mara moja tu, ngazini, amebeba mto. Nilitaka kumweleza lakini sikujua nianzie wapi, nikamwuliza, "Mnahamia wapi?" Akasema, "Shijue. Mama anasema kila nyumba banakataa oveni." Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Saumu, mi nilifanya nini mubaya?" Nikasema sijui. Bila mkate hapakuwa na la kumfanya Mama Plamedi abaki Guangzhou. Kabla mwezi haujaisha nilisikia kwenye korido za Tianxiu kwamba amerudi Lubumbashi, na wale Wasenegali wa kwenye lifti wakanung'unika juma moja, wakazoea.

Leo kazi yangu ni hati. Natafsiri mikataba na orodha za mizigo hapa hapa Guangzhou, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, na Kijerumani kidogo cha kujikokota. Nilijifunza Kifaransa kwa hasira, nakiri. Najua sasa kwamba boksi lililoandikwa GIFT ni zawadi kwa Mwingereza na sumu kwa Mjerumani. Najua kwamba pain ya Mfaransa ilitoka kwenye neno la Kilatini la mkate, na pain ya Mwingereza ilitoka kwenye neno jingine kabisa, lililokuwa na maana ya adhabu. Kila mmoja alilichonga lake kwa karne nyingi, yakaishia kuvaa herufi zile zile nne. Siku ya kwanza nilipolisoma hilo kamusini nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Watu huniambia mambo haya ni ya kuchekesha, na wengine hukusanya maneno ya namna hiyo wakayasimulia karamuni. Mimi sicheki. Neno la Plamedi halikuwa na kosa. Alilitahajia sawasawa, mtoto wa darasa la tatu, kwa lugha ambayo mwalimu wake alikuwa na kila njia ya kuitambua. Angekuwa mtoto wa Kifaransa mwenye nywele za dhahabu ndiye aliyeandika lile neno, wangemwuliza kwanza, hii ni lugha gani?

Baada ya ile harufu ya ngazini sikuweza kufanya kazi. Niliuliza kwenye kundi la simu la Wakongo wa hapa kama kuna anayemfahamu Mama Plamedi wa Lubumbashi, aliyekuwa akioka mikate Sanyuanli zamani zile. Siku ya pili nikatumiwa namba. Nilipiga Ijumaa mchana, mama amekaa kitandani anapanga sampuli zake za nguo kwa rangi, simu nimeiweka mezani kwa sauti ya wazi.

Alipokea mwenyewe. Sauti imezeeka, lakini ni ile ile.

"Saumu? Ule mutoto wa mulango wa pili?"

Nikamwambia ndiyo. Sikumwuliza habari za huko wala afya, maana nilijua nikianza na hayo sitafika. Nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyewaambia kwamba nasikia unapiga kila siku. Nilijua ni unga, nikasema unapiga. Mlitolewa kwa sababu yangu."

Nikasikia mtoto akilia mbali, mjukuu labda, na mtu akimbembeleza.

"Nilijua," akasema. "Ule mukubwa wa shule aliniambia siku ile ile, kwa Kifaransa yake ya kuvunjika, pale kwenye ngazi. Alikuwa anaijua kidogo, unasikia? Alikuwa anaijua." Akavuta pumzi. "Wee ulikuwa mutoto. Batu bakubwa banaweka mutoto kwenye kiti, banamwambia, sema. Alisema. Mi siko na kasirani na mutoto. Plamedi njo aliteseka, alifikiri ni mchoro wake ulitufukuza, mpaka akaacha kuchora. Na yeye shikumwambia ni wee, sikutaka apoteze rafiki."

Miaka yote, watoto wawili, kila mmoja amebeba kosa lile lile peke yake, na watu wazima waliokuwa na kosa wamelala vizuri.

"Kitu kimoja tu njo ninajiuliza," Mama Plamedi akaendelea, na hapo sauti yake ikabadilika, ikawa ngumu. "Siku saba nilikuwa ninafunga vitu. Mulango ulikuwa wazi, sikuufunga. Nilikuwa ninangoja mama yako. Niliwaza, yeye anajua Kichina, yeye anajua ile kelele ni ya nini, atakuya. Hata kusimama pale tu. Mbona hakukuya?"

Niligeuka. Mama alikuwa ameacha kupanga nguo. Ameshika gauni la kijani mapajani kwa mikono miwili, na alikuwa ananitikisia kichwa, taratibu, tena na tena, midomo ikisema bila sauti: mwambie sipo.

"Saumu? Mama yako bado iko muzima? Iko wapi?"

Mama akatikisa kichwa kwa nguvu zaidi. Nilimtazama, mwanamke aliyenilea peke yake ugenini, aliyenilisha, aliyenisomesha katika shule ile ile, ambaye mpaka leo hajawahi kulitaja jina la Plamedi mbele yangu. Nikainua simu, nikaenda hadi kitandani, nikaiweka juu ya lile gauni, katikati ya mikono yake.

"Yupo, Mama Plamedi," nikasema. "Huyu hapa."